Mnyweshaji Aliyesahau

SOMO LA WIKI
Masomo: Mwanzo 40:9–23; Filemoni 10–19; Waebrania 13:3



Yusufu tunamhubiri kila mwaka. Farao tunamtaja, na mke wa Potifa hata watoto wa shule ya Jumapili wanamjua. Lakini yule mkuu wa wanyweshaji tunampita haraka. Yusufu alimfasiria ndoto yake, akamwambia baada ya siku tatu utarudi kazini. Kisha akamwomba kitu kimoja tu: ukisimama mbele ya Farao, nitaje. Hakuomba pesa wala chakula. Yule bwana akatoka, akavaa nguo safi, akashika kikombe, akasahau. Miaka miwili mizima Yusufu akabaki ndani.

Mnyweshaji huyo ni mimi, na leo naungama mbele yenu.

Mnajua huwa tunaenda kuhudumu magerezani. Siku moja baada ya ibada kijana mmoja alinishika mkono, mtoto wa huku kwetu. Alishikwa na misokoto ya bangi, akahukumiwa miaka minane mwaka 2020. Hakukana. Aliniambia, "Pasta, nilikuwa navuta, hiyo ni kweli. Lakini nimeokoka humu ndani, nimejifunza useremala, na mama anazeeka. Niandikie serikali." Akanipa karatasi yenye namba ya kesi, jina la koti na mwaka. Nikaiweka ndani ya Biblia. Nikamwombea kwa sauti kubwa, machozi yakanitoka, nikapanda matatu nikarudi Kamukuywa.

Karatasi ile niliipata miezi minane baadaye, nikitafuta andiko la mazishi.

Sasa, najua kuna mama hapa ambaye mwanawe bangi ilimharibia akili. Nimekaa naye, nimelia naye. Mama, sisemi bangi ni mboga. Wala hii si ile siasa ya Profesa Wajackoyah ya uchaguzi wa 2022. Hatuombi bangi ihalalishwe. Soma barua ya Filemoni. Paulo akiwa mfungwa mwenyewe anamwombea Onesimo, na hasemi hata mara moja kwamba Onesimo hana kosa. Anasema kama ana deni, liandike kwangu. Mtu asiye na kosa anadai haki, na njia yake ni rufaa. Anayeomba rehema ni mwenye kosa. Tukingoja mpaka tumpate mfungwa asiye na doa ndipo tumwombee, hatutaandika barua hata moja.

Na kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliruhusu kifungo cha hadi miaka kumi kwa mtu aliyepatikana na bangi ya kuvuta yeye mwenyewe. Mwaka 2022 Bunge liliibadilisha: kwa matumizi yake mwenyewe, sasa kifungo hakizidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 100,000. (Walanguzi hawakuhurumiwa, wao waliongezewa ukali.) Katiba, kifungu cha 50, inamtaja mshtakiwa ambaye adhabu imebadilika kabla hajahukumiwa, apewe iliyo nyepesi. Kijana wangu alihukumiwa miaka miwili mapema mno. Kwa kosa lile lile, mwenzake wa leo hawezi kupewa miaka minane. Hapo mimi nilinyamaza, na karatasi iko kwenye Biblia.

Oktoba 2022, Rais Joe Biden wa Marekani aliwasamehe kwa tangazo moja watu waliohukumiwa chini ya sheria za serikali kuu kwa kosa dogo la kuwa na bangi. Huku kwetu mlango uko katika kifungu cha 133 cha Katiba. Rais anaweza kumsamehe mfungwa, kumpunguzia kifungo, au kumpa adhabu nyepesi zaidi, akishauriwa na kamati ambayo Mwanasheria Mkuu ni mmoja wao. Na inaanza na ombi la mtu yeyote. Nilisoma neno hilo mara tatu. Mtu yeyote! Si lazima awe wakili. Hata mama muuza ndizi pale stendi anaweza.

Sheria ya mwaka 2011 inaiambia kamati iangalie umri wa mtu alipokosa, mazingira ya kosa, mwenendo wake tangu afungwe, ripoti ya gereza, na masilahi ya jamii. Kwenye jamii ndipo sisi tunaingia. Ripoti ya gereza wataandika wao. Lakini akirudi atalala wapi? Nani atampa kazi? Chifu atasema nini, na majirani je, afisa wa probesheni akija kuuliza? Barua ya kanisa inayosema "tutamwombea" haijajibu hata swali moja. Ndugu mmoja fundi wetu ameshaandika kwa mkono wake kwamba atampokea kijana huyu kwenye karakana yake. Hiyo ndiyo barua.

Kama rufaa bado iko kotini, hiyo imalizwe kwanza.

Nilirudi gerezani. Nilimwomba kijana msamaha, kichwa chini. Akaniangalia, akasema, "Hata Yusufu alingoja, Pasta." Mimi sikupata la kujibu. Tulijaza fomu pamoja na afisa wa gereza, na sasa tunangoja.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitabaki kanisani na kalamu. Kama una mtoto, ndugu au jirani aliyefungwa kwa kesi ya bangi, njoo, usione haya. Leta namba ya kesi, jina la koti na mwaka wa hukumu. Usiziweke kwenye Biblia.