Ofisa wa Wanamaji Kaaga: Namna ya Kujiandaa kwa Kamandi ya Pamoja

Ofisa wa akiba wa Jeshi la Wanamaji anayeishi Kaaga, Meru, yuko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka kambi ya Wanamaji ya Mtongwe, Mombasa, na wengi huona umbali huo ndio kikwazo chake. Mimi naona ni nafasi. Kamandi ya pamoja huunganisha bahari, nchi kavu na anga, na bahari ameshaijua. Kilichompungukia ni nchi kavu na anga, na vyote viwili ni jirani zake: Isiolo kuna chuo cha askari wa miguu, na ukipita Timau unafika Nanyuki, penye kambi ya wanahewa ya Laikipia.

Anza na wastaafu. Mtafute ofisa wa miguu aliyerudi nyumbani Meru, akueleze kikosi kinavyohesabu mwendo, maji ya kunywa na kubeba majeruhi. Siri za kazi msiziguse. Yaliyo wazi yanatosha.

Kisha shikeni mfano wa Kismayu, Somalia. Tarehe 28 Septemba 2012 askari wa Kenya walishuka ufuoni kutoka baharini, baada ya ndege kutangulia kushambulia siku za nyuma. Tandazeni ramani ya kawaida, mpange upya operesheni hiyo kwa ukurasa mmoja. Bishaneni hasa juu ya saa. Mwezi ulikuwa karibu kuwa mpevu. Mwenzako ataona mwanga unaomwanika askari wake. Wewe utaona bamvu, maji yanayojaa sana na kupwa mbali, na chombo kikikosa saa yake kitakwama, askari wavuke na mizigo mahali pasipo kificho. Usimjibu kwamba haiwezekani. Mwambie inawezekana saa ngapi, na kwa askari wangapi.

Gumu zaidi ni hili: amri inahama lini? Vikosi vikiwa majini, kamanda wa wanamaji ndiye mwenye neno. Vikishajikita ufuoni, wa nchi kavu hupokea. Andikeni dalili ya kukabidhiana, na nani anaita ndege katikati ya hapo. Utata wa dakika hizo huua watu.

Wala usidhani mlango wa kamandi ya pamoja umefungwa kwa mwanamaji. Joseph Kibwana, Samson Mwathethe na Charles Kahariri walitoka Wanamaji wakafika ukuu wa majeshi yote.

Ukurasa ukikamilika, badilishaneni viti: yeye aongoze meli, wewe uongoze kikosi, na kila mmoja asahihishe amri za mwenzake.