Vyakula vya Baharini na Hukumu Zake



Mama mmoja wa Mji wa Kale alileta swali katika darasa yetu. Alipika mchuzi wa papa, akampelekea jirani yake sahani wakati wa kufuturu kama ilivyo ada yetu, na sahani ikarudi vile vile ilivyokwenda. Jirani akasema kwa upole kuwa kwao papa haliwi. Mama yule akaona ametwezwa, na tangu siku hiyo sahani zimekatika baina ya nyumba mbili zinazotazamana mlango kwa mlango. Akauliza: "Je, mimi nimekula haramu miaka yote hii, au yeye ndiye aharamishaye alichokihalalisha Mungu?" Swali hili ni kubwa kuliko sahani, nasi twaona lafaa kuelezwa kwa wote.

Kwanza natutazame asili. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake, hata kwa aliyehirimia, ambaye mawindo ya bara ameharimishiwa. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na msafiri wa baharini kama yafaa kutawadha kwa maji ya chumvi, alijibu kuwa maji ya bahari ni tohara, kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa, kwamba mfu wake ni halali. Ndiyo maana samaki hachinjwi. Mwenye kumpitishia papa kisu shingoni akidhani ndipo awe halali, ajitaabisha bure.

Wako wasemao kuwa mfu wa bahari huliwa kwa dharura tu. Kauli hii yavunjwa na kisa cha jeshi la Abu Ubayda, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Walikuwa watu 300, wakaishiwa na chakula hata wakala majani ya miti. Bahari ikawatupia ufukoni samaki mkubwa mno aitwaye ambari, wakamla siku nyingi. Lau kisa kingeishia hapo, tungesema ni njaa iliyowaruhusu. Lakini waliporejea Madina, Mtume aliwaambia kuwa hiyo ni riziki waliyotolewa na Mungu, akataka kipande cha nyama ile, naye akala, wala hakuwa katika dharura ya jangwani.

Basi khitilafu yatoka wapi? Yatoka katika maana ya neno. Sisi tukisema "samaki" twamkusudia changu na nguru, na papa na taa pia. Pweza, ngisi na kamba twawaita kwa majina yao, lakini chunguni twawatia vivyo hivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kila kiumbe kisichoishi ila majini ni halali, kiwe na sura ya samaki au kisiwe nayo. Ndugu zetu Mahanafi, nao ni wengi katika Wahindi wa mji huu, huhalalisha samaki peke yake: papa kwao ni samaki na huliwa, lakini pweza na kaa hawaliwi, na juu ya kamba wamekhitilafiana wao kwa wao. Ama Mashia wa Ithnaashari, sharti lao ni magamba. Kwa hiyo papa na taa hawali, lakini kamba hula. Tulipouliza zaidi ikabainika kuwa jirani wa mama yetu ni wa hao. Hatukubaliani nao katika sharti hili, illa hawakulizua jana kwa kumwudhi mtu.

Kaa ana maneno yake. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana pwani yetu, amemtia pamoja na chura na nyoka, kwa kuwa huishi bara na baharini, na wote hao ni haramu. Lakini Nawawi huyo huyo katika Majmuu ameona kuwa lililo sahihi ni kuhalalisha wote wa baharini isipokuwa chura. Kwa hiyo asiyekula kaa asimwite mwenzake mla haramu, kwani wote wawili wamesimama katika kivuli cha imamu mmoja.

Jambo ambalo hatuwezi kulipita upesi ni kasa. Kuna visiwani waliomla tangu kale, na baadhi ya watu hujibishana juu ya uhalali wake kana kwamba swali limekwisha hapo. Kisiwani Pemba, mwezi wa Novemba 2021, walikufa watu 7 kwa kula nyama yake. Na Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko huko Pemba, wakafa watoto 8 na mtu mzima 1. Sumu ile moto wa jiko hauiondoi, dawa ya kuivunja haijulikani, na mtoto anyonyaye yaweza kumfika kwa maziwa ya mamake. Sharia imekataza mtu kujitia katika maangamizi, na kwa dalili hiyo peke yake kasa ni wa kuachwa, hata na yule asiyekubali kauli ya wanaomharamisha kwa kuwa huishi bara na baharini. Kadhalika bunju. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyama imemlinda kasa asivuliwe.

Hukumu ya madhara yaingia sokoni vile vile. Uhalali wa mfu wa bahari haumpi muuzaji ruhusa ya kutuuzia samaki aliyeoza. Tazama macho yawe maangavu na mashavu yawe mekundu. Na mwenye kumwagia maji ya barafu samaki wa juzi akaapa kuwa ni wa leo, huyo ni mdanganyifu, ingawa kitu auzacho asili yake ni halali.

Mama yetu tulimjibu hivi: papa wako ni halali, endelea kumla, na jirani hakukutukana. Mpelekee changu au pono, wenye magamba, na siku ya mchuzi wa papa mpelekee kaimati.

Wallahu aalam.