Silikoni Inayonuka Siki

Swali: Mimi ni fundi umeme hapa Kolwezi. Nimeziba viungo vya waya za shaba kwa silikoni ya tyubu, ilinuka siki. Juu imeganda, ndani bado laini, na shaba imeota kijani. Kwa nini?

Jibu: Ndugu fundi, silikoni hiyo huganda kwa unyevu wa hewa. Maji huunganisha minyororo yake, na kila muungano hutoa asidi ya siki, ambayo hula shaba. Kiangazi cha Kolwezi hewa ni kavu mno, basi tabaka nene huchelewa: hata kwenye unyevu wa kawaida huganda takriban milimita 2 kwa siku, kuanzia nje. Zima umeme, kwangua yote, sugua shaba ing'ae, kisha paka silikoni isiyotoa asidi, inayotoa alkoholi. Ipake nyembamba.