Mkono Mtupu na Mpaka wa Sheria: Somo kutoka Shule za Karate za Old Kampala

Wazazi wa maeneo ya mipakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, Bunagana na Mpondwe, hutuuliza mara kwa mara: je, ni vema kumruhusu mtoto ajifunze karate? Wako wanaohofu kwamba kijana akijua kupiga atakuwa jambazi. Wako pia wanaotamani ajue kupiga ili awe mlinzi wa boma. Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba hofu hiyo na tamaa hiyo zote mbili zina kasoro, na kwamba jibu limo katika mambo matatu: nani anafundisha, anafundisha wapi, na anafundisha kwa lengo gani.

Kwa nini Old Kampala

Tumechagua kuzungumzia Old Kampala kwa sababu mtaa huo unafahamika kwa wengi waliovuka mpaka. Ni kilima kidogo chenye historia kubwa. Hapo ndipo Kapteni Frederick Lugard alipojenga ngome yake mwishoni mwa mwaka 1890, na hapo ndipo Jumba la Makumbusho la Uganda lilipoanzia mwaka 1908. Leo Msikiti wa Taifa umesimama kileleni, na chini yake zimo shule, maduka na nyumba za wapangaji. Katika kituo cha polisi cha Old Kampala, watu wengi waliokimbia vita wamejiandikisha wakiomba hifadhi. Kwa hiyo Kiswahili cha Bukavu, cha Goma na cha Bujumbura husikika mitaani humo sambamba na Kiganda.

Katika mtaa wa namna hiyo, kijana mgeni asiye na ndugu wala shughuli hutafuta mahali pa kuwa mtu. Anaweza kupapata katika genge la wezi wa simu, na anaweza kupapata katika ukumbi wa mazoezi. Ndiyo maana shule ya karate, hata kama ni chumba cha kukodi chenye sakafu ya saruji, ni jambo linaloihusu jamii nzima.

Asili ya karate

Karate ilikulia katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani. Zamani ilifundishwa kwa siri, mwalimu kwa mwanafunzi. Mwaka 1901 mwalimu Anko Itosu aliiingiza katika shule ya msingi huko Shuri, akiitazama kama njia ya kujenga afya na tabia za watoto. Mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, ambaye kazi yake ilikuwa ualimu wa shule, aliionyesha Tokyo mwaka 1922, na kutoka huko ikaenea duniani. Jina lenyewe lina maana ya mkono mtupu, yaani mkono usioshika silaha.

Funakoshi alishikilia kanuni moja ambayo kila mwanafunzi hufundishwa mapema: katika karate hakuna kuanza kushambulia. Kanuni hiyo imo hata katika mazoezi yenyewe. Mfuatano wa miondoko uitwao kata, ambao anayeanza hujifunza kwanza, hufunguliwa kwa kukinga, si kwa kupiga.

Mikanda ya rangi haikuanzia katika karate. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, ndiye aliyetumia mkanda mweusi kuwatambulisha wanafunzi waliokomaa. Funakoshi akauazima na kuwatunuku wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1924. Daraja la kwanza la mkanda mweusi huitwa shodan, maana yake daraja la mwanzo. Aliyefika hapo ameambiwa kwamba sasa ndiyo anaanza kujifunza. Basi kijana anayejitapa mtaani kwa sababu ya mkanda wake hajaelewa hata jina la daraja lake.

Maisha ndani ya dojo

Ukumbi wa mazoezi huitwa dojo, na mwalimu huitwa sensei. Anayeingia huvua viatu, huinama kwa heshima mlangoni, kisha huungana na wenzake kufagia sakafu. Mwenye mkanda wa kahawia hushika ufagio kama yule wa mkanda mweupe. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mkimbizi huvaa vazi jeupe la aina moja, na anayetangulia mstarini ni yule aliyefanya bidii zaidi.

Mazoezi huwa na sehemu tatu. Kwanza ni misingi: kusimama, kukinga, kupiga ngumi na teke, pigo moja likirudiwa mara nyingi hadi mwili uzoee. Pili ni kata, ambamo mwanafunzi hupambana na adui asiyeonekana. Tatu ni kumite, yaani kupambana na mwenzake. Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Mwanafunzi hufunzwa kuisimamisha ngumi kabla haijamdhuru mwenzake. Kupiga kwa nguvu zote ni jambo ambalo hata mlevi analiweza. Kuizuia ngumi iliyokwisha kuondoka huhitaji miaka ya mazoezi. Wahenga walisema hasira hasara, na dojo ni mahali ambapo methali hiyo hufanyiwa mazoezi kwa mwili.

Kwa mtoto aliyeona vita, utaratibu huo una thamani ya pekee. Saa ya mazoezi inajulikana, kanuni hazibadiliki, na nguvu ina mipaka. Kwa wengi wao, hayo matatu ndiyo yaliyokosekana huko walikotoka.

Sheria inasema nini

Sheria ya Uganda inamruhusu mtu kujihami yeye mwenyewe, kumhami mwenzake au kulinda mali, mradi nguvu anayoitumia isizidi ile inayohitajika kulizuia shambulio. Tuchukue mfano ili jambo hili lieleweke.

Kijana mwenye mkanda wa kahawia anatoka sokoni jioni. Mtu anamrukia, anampiga ngumi na kutaka kumpora simu. Kijana anakinga, anapiga teke moja, mshambuliaji anaanguka. Hadi hapo kijana amejihami. Sasa tuseme mshambuliaji yuko chini, hana nguvu tena, na kijana anaendelea kumpiga mateke ya mbavu. Shambulio limekwisha, kinachoendelea ni kosa la kijana, naye anaweza kushtakiwa kwa kujeruhi. Tuseme tena kwamba kijana alikwenda nyumbani, na kesho yake akakusanya wenzake wa dojo kwenda kumsaka yule mtu. Hicho ni kisasi, na sheria haikitambui kama kujihami hata kidogo.

Mpaka huo kati ya kujihami na kudhuru ndio kijana anapaswa kuujua kama anavyoujua mpaka wa nchi. Wazazi wakumbuke pia kwamba mtoto aliyetimiza miaka 12 anaweza kuwajibishwa kisheria kwa kosa la jinai. Udogo wa umri haufuti kosa.

Jambo la pili ni kuwapiga watuhumiwa. Raia aliyeshuhudia kosa kubwa likitendeka anaweza kumkamata mtendaji, lakini anapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hapa ujuzi wa karate unaweza kuokoa maisha ya wawili: kijana anayejua kumdhibiti mtu bila kumvunja anaweza kumshika mwizi, na kwa kumkabidhi akiwa mzima anawaepusha majirani na kesi ya mauaji. Umati unaomuua mwizi wa kuku hauna mtu mmoja wa kulaumiwa, na kwa sababu hiyo kila aliyeshiriki anaweza kujibu.

Jambo la tatu, aliyejeruhiwa aende polisi mapema na aombe Fomu ya Polisi namba 3, ambayo daktari huijaza baada ya kumpima. Fomu hiyo hutolewa bila malipo.

Mafunzo ya kutiliwa shaka

Samaki mkunje angali mbichi, lakini tumwangalie anayemkunja. Makundi yenye silaha katika eneo letu yamewavuta vijana kwa ahadi za masomo na ajira, na mafunzo ya viungo yanaweza kuwa chambo kama ilivyo kazi ya hoteli au nafasi ya masomo. Kabla ya kumwandikisha mtoto, mzazi ajiulize haya:

1. Je, mahali pa mazoezi panajulikana na mwenyekiti wa LC1, na milango iko wazi kwa mzazi kuingia na kutazama wakati wowote?

2. Je, mwalimu anaweza kueleza alifundishwa na nani, na amesajiliwa na chama gani cha mchezo?

3. Je, mtoto ameambiwa asiwaeleze wazazi anachofundishwa? Siri ya namna hiyo ni dalili ya hatari.

4. Je, kuna safari ya kambi isiyo na anwani, hasa inayovuka mpaka, au mtu anayeshika vitambulisho vya watoto?

5. Je, mazoezi yanaambatana na maneno ya kuchukia kabila, dini au taifa fulani?

6. Je, adhabu ni za kuumiza? Sheria ya mwaka 2016 ilipiga marufuku viboko shuleni, na hakuna sababu ya mwalimu wa karate kudhani kwamba vazi jeupe linampa ruhusa ambayo mwalimu wa darasani hana.

Ukipata jibu baya hata kwa swali moja, mwondoe mtoto, kisha utoe taarifa.

Mifano miwili ya jirani

Popole Misenga alizaliwa Bukavu, akatenganishwa na familia yake na vita angali mtoto, akajifunza judo Kinshasa katika kituo cha watoto waliopoteza makwao. Baadaye alisimulia kwamba makocha walikuwa wakiwafungia na kuwanyima chakula wachezaji walioshindwa. Mwaka 2013, akiwa Brazil kwa mashindano ya dunia, aliomba hifadhi. Mwaka 2016 alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi, akashinda pambano lake la kwanza. Mchezo uleule ulimlea, na mikononi mwa watu wabaya ukamtesa.

Parfait Hakizimana, Mrundi, alipoteza mama yake na mkono wake mmoja katika shambulio la mwaka 1996. Mwaka 2015 alikimbilia Rwanda, na katika kambi ya Mahama akawafundisha watoto wakimbizi taekwondo. Mwaka 2021 alishindana Tokyo katika Michezo ya Paralimpiki, akiwa katika timu ya wakimbizi. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi alichagua kuwafundisha watoto kuinamiana kwa heshima kabla ya pambano na baada yake.

Polisi na dojo

Ibara ya 212 ya Katiba ya mwaka 1995 inatutaka tulinde maisha na mali, tuzuie uhalifu, na tushirikiane na wananchi kwa jumla. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa karate walioko mipakani wajitambulishe kwa ofisa wa mahusiano ya jamii wa kituo kilicho karibu. Lengo si kuwapeleleza. Mwalimu anayejulikana hulindwa dhidi ya uvumi, na anapomwona kijana aliyeanza kubadilika, huwa na mtu wa kumwendea kabla mambo hayajaharibika. Kanuni ya kutozidisha nguvu inatuhusu sisi pia: Katiba inakataza mateso bila ubaguzi, na askari anayemshika mtuhumiwa anapaswa kuwa na udhibiti uleule unaodaiwa kwa mwanafunzi wa kumite.

Kwa dharura, piga 999 au 112 bila malipo. Kwa mtoto anayeteswa au kutoweka, piga 116.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa kijiji

1. Katika mfano wa kijana aliyetoka sokoni, ni wakati gani hasa kujihami kuligeuka kuwa kosa? Je, jibu lingebadilika kama mshambuliaji angekuwa bado ameshika kisu?

2. Mwizi amekamatwa na vijana wa mazoezi, na umati unadai apigwe. Vijana hao wafanye nini, na wazee wawasaidieje?

3. Mwalimu mgeni amefungua mazoezi nyuma ya soko na hataki wazazi waingie. Nani azungumze naye kwanza, na asipokubali hatua gani ifuate?

4. Katika kijiji chetu, kijana aliyehamia kutoka ng'ambo ya mpaka ana mahali gani pa kuwa mtu? Kama hapapo, ni nani kati yetu aliye na chumba, uwanja au saa moja ya jioni ya kutoa?