Msamaria Mwema na Mateka wa Yuda: Mwingilianomatini katika Usawiri wa Mhusika

Ni rahisi kumsoma Msamaria wa Luka 10:25-37 kama mhusika bapa aliyebuniwa kuwakilisha wema tu. Makala haya yanashikilia kwamba usawiri wake umechota katika maandiko ya Kiebrania, na kwamba msomaji asiyeitambua chemchemi hiyo huukosa ukali wa mfano wenyewe.

2 Mambo ya Nyakati 28:8-15 husimulia jinsi jeshi la Israeli lilivyoteka watu 200,000 wa Yuda na kuwapeleka Samaria. Nabii Odedi alipolikemea tendo hilo na kuwaita mateka hao ndugu, waliokuwa uchi walivikwa, wakalishwa, wakapakwa mafuta; wanyonge wakapandishwa punda, wakafikishwa Yeriko. Katika Luka, majeruhi amevuliwa nguo katika njia iteremkayo Yeriko; Msamaria anamtia mafuta na divai katika jeraha, kisha anampandisha juu ya mnyama wake.

Mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani alikuwa mjuzi wa Torati. Hata hivyo, alipotakiwa kujibu mwenyewe, hakulitamka neno 'Msamaria'. Alisema tu ni yule aliyemwonea mwenzake huruma. Hapo ndipo ulipo uzito wa mhusika huyu: anayedharauliwa kama mgeni amekwisha kutajwa kuwa ndugu katika maandiko ya anayemdharau. Basi, tunapohakiki wahusika wa mifano ya Injili, yatupasa kwanza kuuliza hadhira yao ya awali ilikuwa imesoma nini.