Sindano Yangu Sishiriki na Mtu

Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana wa Magomeni, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa sita najidunga unga. Sijapata kuiba, sindano yangu sishiriki na mtu, wala silali maskani na mateja. Fedha za dawa ya presha za mama nilizikopa mara moja tu, bila kumwambia, na nitazirudisha. Hata hivyo mdogo wangu huficha simu kila niingiapo, na huniita teja mbele ya watoto. Rafiki amenishauri niende kwenye dozi, lakini nitapangaje foleni na watu wale?
Mwenye Murua

Marahaba, mwanangu. Kabla sijalaumu lolote, yanipasa nikupe haki yako: kutoshiriki sindano si jambo dogo, kwani kwa njia hiyo virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vimewaingia vijana wengi wa mji huu, na wewe, hata katika arosto, mwili mzima ukiuma na akili ikikuruka, hukuuvuka mpaka huo. Anayedai kwamba mtumiaji hana tena dhamiri anakudhulumu. Na mdogo wako, kwa kukutahayarisha mbele ya watoto, amevunja adabu, ingawa simu ni yake na ana ruhusa ya kuificha.

Lakini hebu isome tena barua yako. Fedha za mama umeziita mkopo, ilhali mwenyewe hakuulizwa. Lau angezichukua mmoja wa wale wa maskani, ungesema ameiba. Wao unawapima kwa mabaya yao, nafsi yako unaipima kwa mema yake, na mizani hiyo (ambayo nao, naamini, wanayo, kila mmoja akiwa na wa chini yake wa kumdharau) ndiyo inayokuzuia kwenda hospitali, kwa kuwa ukisimama katika foleni ile utakuwa umekiri kwamba wewe na wao mna maradhi mamoja.

Dozi hiyo, ya dawa ya methadoni, ilianza Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na Mwananyamala, jirani nawe, ipo pia. Hutolewa bure, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na huzuia arosto hadi kesho yake, mtu akapata utulivu wa kufanya kazi. Tabia haigusi, hiyo ni juu yako. Mweleze mama habari ya fedha zake kwanza, kisha nenda asubuhi, ushike foleni, na umwamkie aliye mbele yako.