Mchuuzi, Umbali Wako na Lami Ndio Kinga Yako

Matatu ikipunguza mwendo kwenye tuta, wachuuzi huikimbilia: huyu na ndizi, yule na mahindi ya kuchoma, mwingine na maji ya chupa. Kwa wakazi wa Kehancha na wa vituo vilivyo kando ya barabara kuu ya A1, kutoka Isebania hadi mjini Migori, hilo ni jambo la kila siku. Ni kazi inayolipa karo na kununua unga. Somo la leo linahusu jinsi ya kuifanya na kurudi nyumbani salama.

Funzo la Londiani

Jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho. Liligonga magari mengine, bodaboda, waliokuwa wakitembea na wachuuzi. Takribani watu 50 walifariki. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza bidhaa zao. Hapo ndipo penye funzo: kuwa macho pekee hakutoshi. Lori likikosa breki, mchuuzi aliye ukingoni mwa lami hana nafasi ya kukimbia.

Hesabu ya breki

Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Kwa mwendo huo, gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, kisha gari huendelea kuteleza kabla ya kusimama. Gari dogo kwenye lami kavu litahitaji takribani mita 28. Likiwa kwenye kilomita 80, litahitaji zaidi ya maradufu ya hizo. Lori lenye mzigo, au barabara iliyolowa mvua, huongeza umbali huo.

Kwa hivyo wachuuzi wanaosimama kwenye tuta kwa kuwa magari hupunguza mwendo pale wakumbuke kwamba gari lisilo na breki halipunguzi.

Yafanye haya

1. Weka meza au beseni lako mbali na ukingo wa lami, mahali ambapo gari linaweza kutoka barabarani na kuegesha. Acha gari likufuate.
2. Uza upande wa kushoto wa gari pekee. Ukienda dirisha la kulia, mgongo wako unabaki kwa magari yanayokuja.
3. Usisimame katikati ya magari mawili, wala nyuma ya gari ambalo dereva wake hakuoni.
4. Usikimbize gari kwa sababu ya chenji. Andaa chenji mapema, au upokee malipo kwa simu kabla ya kutoa bidhaa.
5. Giza likiingia, vaa kizibao cha kuakisi mwanga au nguo nyeupe, kisha sogea nyuma zaidi.
6. Usimtume mtoto kuuza kwenye magari.

Ajali ikitokea, piga simu 999 au 112. Usikimbilie katikati ya barabara kabla magari hayajasimamishwa.

Wajibu wa wengine

Dereva, ukitaka kununua, toka barabarani kwanza. Utingo, usiruhusu gari liondoke mkono wa mchuuzi ukiwa bado dirishani. Abiria, subirini kituoni.

Barabara kuu zinasimamiwa na mamlaka ya kitaifa, KeNHA, na sheria hairuhusu vibanda katika hifadhi ya barabara. Masoko, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni jukumu la kaunti. Kazi hizi mbili zinapaswa kwenda pamoja, kwa maana mchuuzi humfuata mteja. Akihamishiwa soko ambalo magari hayafiki, kesho atarudi kwenye tuta.

Hii ndiyo sababu sauti yako inahitajika katika vikao vya umma vya kupanga bajeti. Wewe ndiwe unayejua magari husimama wapi, saa ngapi, na ni kona ipi yenye hatari. Njoo useme soko lenye maegesho lijengwe wapi, kabla hatujapata Londiani yetu.